Mgonjwa wa moyo aulizwe mapema: barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya Mombasa

Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa, Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti, bodi na wakurugenzi wa hospitali za umma na za kibinafsi, na maafisa wa Mamlaka ya Afya ya Jamii hapa Pwani.

Waheshimiwa,

Kwa heshima zote, tunawaandikia kuhusu wagonjwa ambao moyo wao hausukumi tena damu inavyotakiwa. Kwenye faili huandikwa kwamba moyo umeshindwa. Mitaani, kuanzia Kisauni hadi Likoni, watu husema moyo umepanuka au umejaa maji. Sisi ni wauguzi, maafisa wa kliniki, madaktari na wafamasia tunaowahudumia wodini, kliniki na majumbani. Ombi letu ni moja. Kila mgonjwa wa aina hii aulizwe mapema, angali ana pumzi ya kusema, anataka atibiwe vipi siku hali itakapomgeukia na nani amsemee akishindwa kusema. Jibu lake liandikwe kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, na karatasi hiyo iheshimiwe katika kila hospitali ya kaunti hii.

Leo mambo hayaendi hivyo. Swali huulizwa saa nane usiku, katika idara ya dharura, mgonjwa akiwa ameketi kitako kwa sababu akilala anazama, midomo imekuwa ya kijivu, na watu watano wa familia wamesimama mlangoni kila mmoja na lake. Daktari wa zamu hamjui. Mtoto mkubwa yuko Muscat na anapiga simu. Kijana anayeishi na mgonjwa, anayempa dawa kila asubuhi, haulizwi kwa kuwa ni mdogo. Katika hali hiyo hakuna anayeamua. Kila mtu anajikinga na lawama. Mgonjwa huishia kwenye mashine ambayo huenda angeikataa, au hukosa matibabu ambayo angeyataka.

Kwa nini tunasema moyo, na si magonjwa yote? Kwa sababu moyo hudanganya. Saratani ikishakomaa huteremka mteremko ambao hata jirani anauona, kwa hiyo watu hupata muda wa kujipanga. Mgonjwa wa moyo huja amevimba miguu hadi mapajani, anachomwa dawa ya kutoa maji kwa mshipa, baada ya siku tano au sita amepoteza kilo kadhaa za maji na anatoka wodini kwa miguu yake. Nyumbani wanasema amepona. Baada ya miezi miwili amerudi. Kila akirudi hupanda tena, ila haifikii ngazi aliyokuwa nayo mwanzo. Na katikati ya kupanda na kushuka huko, wengine hufa ghafla kwa mapigo kuvurugika, wiki ambayo walionekana wazima kabisa. Daktari anayesubiri awe na hakika ndipo aanzishe mazungumzo atasubiri hadi mazungumzo yasiwezekane. Kutojua siku ndiyo sababu yenyewe ya kuanza mapema.

Wala msidhani ni habari ya wazee tu. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, sababu kubwa ikiwa presha, na katika miezi sita karibu 18 katika kila 100 walikuwa wamefariki. Mtu wa miaka 52 ana watoto shuleni, ana mkopo, na pengine mama yake mzazi bado yuko hai na anamtegemea. Mtu huyu ana haki ya kujua alipo.

Sheria tayari inampa haki hiyo, na hili tunataka mliangalie kwa makini kwa sababu wengi hospitalini hawalijui. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo na haki yake ya kukataa, tena kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Kifungu cha 9 kinasema mgonjwa asipoweza kutoa idhini, anayetangulia kutoa kwa niaba yake ni yule ambaye mgonjwa mwenyewe alimpa mamlaka hayo kwa maandishi, au aliyeidhinishwa na sheria au mahakama. Ndugu wa karibu anafuata pale ambapo hakuna mtu kama huyo. Someni tena: kwa maandishi. Mlango umefunguliwa tangu 2017. Kinachokosekana ni karatasi, na mtu aliyepewa muda wa kuijaza.

Tuanze na jina, maana jina baya limeshawahi kuua mpango mzuri. Msiite karatasi hii wasia. Ukitamka wasia Mji wa Kale, watu wanawaza thuluthi na warithi, na kabla hujamaliza sentensi yumo chumbani mpwa ambaye hajaonekana tangu Idi. Wengine wataona mgonjwa anatabiriwa kifo. Sisi tunapendekeza "Kauli ya Mgonjwa". Haigusi mali hata kidogo. Inahusu dawa, mashine, mahali na msemaji.

Na jina la ugonjwa nalo lina matata yake. Ukimwambia mtu "moyo wako umeshindwa", anasikia kwamba umesimama, anakutazama anashangaa mbona bado anapumua. Ukisema moyo mkubwa, kuna atakayeona umemsifu ukarimu. Maneno yanayoeleweka ni ya kawaida: moyo ni pampu, pampu yako imechoka, damu inasonga polepole, maji yanabaki nyuma, kwanza miguuni na tumboni, kisha mapafuni, dawa zinaisaidia pampu na kuyatoa maji, lakini kwa watu wengi haziirudishi kuwa mpya. Maelezo hayo yanachukua dakika mbili. Mgonjwa aliyeyaelewa anaweza kuyarudia kwa maneno yake mwenyewe, na asipoweza, bado hajaelezwa.

Ni nani aulizwe, na lini? Hatuombi kila mwenye presha akalishwe kitako. Tunaomba alama zifuatazo zichapishwe na kubandikwa kwenye meza ya kila kliniki, na ikionekana yoyote kati yake mgonjwa apangiwe kikao. Kulazwa mara mbili kwa sababu ya moyo katika miezi 12. Dozi ya furosemaidi, ile dawa ya kutoa maji, inayopanda hadi kukaribia au kupita miligramu 160 kwa siku, yaani tembe nne za miligramu 40, na bado anavimba. Namba ya juu ya kipimo cha presha inayokaa chini ya 90. Dawa za kusaidia moyo, kama enalaprili na kavedilolo, ambazo imebidi zipunguzwe au zisimamishwe kwa sababu presha au figo hazizihimili. Sodiamu, yaani chumvi ya damu, inayobaki chini ya 134. Kukonda mwili huku miguu imevimba, jambo ambalo mizani huficha kwa sababu maji yanajaza nafasi ya nyama. Na ile iliyo rahisi kuliko zote, isiyohitaji maabara: anakatika pumzi akijioga au akivaa nguo.

Kikao chenyewe kisifanywe mara moja. Mara ya kwanza ni ya mgonjwa na muuguzi, dakika 30 hivi, kwenye chumba chenye mlango. Swali la kwanza huwa: "Umeelezwa nini mpaka sasa kuhusu moyo wako?" La pili: "Ungependa kujua kila kitu, au ungependa fulani aelezwe kwa niaba yako?" Yapo majibu ya aina zote mbili, na yote ni halali. Mtu akisema hataki kujua, lakini binti yake ajue, hiyo nayo ni kauli na iandikwe. Kisha: "Ukizidiwa, ni jambo gani unaliogopa zaidi?" Wengi hawataji kifo. Hutaja kukosa pumzi, kuwa mzigo, kufa peke yake mahali asipojulikana, au kuwaachia watoto deni la hospitali. Hapo ndipo mpango unapozaliwa, kwa kuwa kila hofu kati ya hizo ina la kufanyiwa.

Mara ya pili, wiki mbili au tatu baadaye, mgonjwa anakuja na msemaji aliyemchagua. Pengo hilo ni la makusudi: linampa nafasi ya kuzungumza nyumbani, kumuuliza sheikh wake au mchungaji wake, na kubadili mawazo. Anayeongoza kikao aseme wazi kwamba tunaomba heri na tunajipanga kwa shari, yote mawili kwa pamoja. Kujaza karatasi hakusimamishi dawa yoyote.

Tatizo litakalojitokeza kila siku ni familia inayomvuta muuguzi kando na kumnong'oneza, "Mama asiambiwe." Tunawaelewa, wanampenda. Waswahili husema mficha maradhi kilio humuumbua, ila hapa anayefichwa ni mgonjwa mwenyewe, na mara nyingi amekwisha kujua. Muuguzi asibishane. Awaambie: "Sitamlazimisha kusikia asilotaka. Nitamuuliza anataka kujua kiasi gani, nanyi mtakuwepo." Tukifanya hivyo ugomvi mwingi unazimika.

Kuna kupima pia kama mgonjwa anaweza kuamua siku hiyo. Damu isipofika vizuri ubongoni, au sodiamu ikishuka, mtu huchanganyikiwa na kesho yake akawa timamu. Vipimo ni vinne: ameelewa, amekumbuka hadi mwisho wa mazungumzo, amepima faida na hasara kwa hoja zake, na ameweza kusema alichochagua. Kimoja kikikosekana, kikao kiahirishwe hadi atolewe maji na atulie. Na aliyezama kwenye huzuni, asiyelala wala kula kwa sababu zisizo za moyo, atibiwe huzuni kwanza. Kauli ya mtu aliyekata tamaa kwa muda isije ikawa ya kudumu.

Sasa karatasi. Iwe ya A4, kurasa mbili, katika kitabu chenye nakala tatu zinazojiandika zenyewe: moja ya mgonjwa, moja ya faili, moja ya zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na nyumba yake. Juu kabisa jina, umri, ugonjwa kwa maneno ya kawaida, na dawa anazotumia. Chini yake msemaji wa kwanza na wa pili, na simu zao. Wa pili ni lazima, kwa sababu wa kwanza anaweza kuwa ng'ambo ya feri, melini, au Dubai. Mwenye wake wawili aandike waziwazi ni nani. Tusiwaachie wake wenza kazi hiyo wodini. Sahihi au kidole gumba, mashahidi wawili wasio wasemaji, na tarehe.

Kisha matibabu, kwa ngazi tatu. Ya kwanza: kila kinachowezekana, pamoja na chumba cha wagonjwa mahututi na mashine ya kupumulia. Ya pili: hospitali, dawa kwa mshipa, oksijeni, vipimo, bila mashine ya kupumulia. Ya tatu: kutulizwa mateso nyumbani au kwenye kitanda cha tiba shufaa, yaani tiba inayolenga kumpa mgonjwa nafuu. Lakini visanduku peke yake havitoshi. Pawe na mistari sita mitupu, mgonjwa asemavyo ndivyo iandikwe. Mistari ya namna hii inamsaidia daktari wa usiku kuliko alama yoyote ya tiki: "Nikizidiwa na pumzi nipelekwe hospitali, nichomwe dawa ya kutoa maji na niwekewe oksijeni. Nisiingizwe mpira kooni. Ikifika siku ya tatu sipati nafuu, nirudishwe nyumbani, nilale upande wa kibla."

Swali la kubonyezwa kifua moyo ukisimama liwe na sehemu yake peke yake, mbali na ngazi hizo. Hapa ndipo makosa mabaya zaidi hutokea. Mgonjwa akishaandikiwa kwamba asibonyezwe kifua, kuna wahudumu wanaosoma "ameachwa": dawa zinachelewa, hageuzwi kitandani, hapimwi presha, anapitwa kwenye raundi. Kukataa kubonyezwa kifua kunahusu dakika ile moja ambapo moyo umesimama, basi. Kabla ya dakika hiyo anastahili furosemaidi yake, oksijeni yake na uji wake. Ndiyo maana karatasi ianze na yatakayofanywa, na yasiyofanywa yafuate. Na mgonjwa aelezwe ukweli: moyo uliosimama kwa sababu umemaliza nguvu ni nadra kurudishwa kwa kubonyezwa kifua, na ukirudi, kilichouchosha bado kiko pale pale.

Kosa la pili ni karatasi kulala kwenye faili. Mgonjwa wa kliniki ya kisiwani akizidiwa usiku Likoni au Mtongwe, gari litampeleka kunakofikika kwanza, si lilipo faili. Kwa hiyo nakala ya mgonjwa ikae kwenye bahasha ya plastiki ya rangi moja kaunti nzima, imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake, na picha ya karatasi hiyo iwe kwenye simu za wasemaji wote wawili. Madereva na wahudumu wa ambalansi wafundishwe kuiulizia: "Kuna Kauli?" Hospitali yoyote, ya umma au ya kibinafsi, ikimpokea mgonjwa mwenye Kauli iinakili kwenye faili yake ndani ya saa ya kwanza. Hapa tunahitaji waraka wenu wenye muhuri, kwa sababu bila waraka, muuguzi wa zamu hataithubutu karatasi ya hospitali nyingine.

Kosa la tatu ni kuijaza mara moja na kuisahau. Ipitiwe kila baada ya miezi sita, na kila anapotoka wodini. Watu hubadilika. Aliyesema hataki hospitali tena huenda amepata mjukuu na anataka kujaribu.

Tuje nyumbani, kwa sababu aliyechagua nyumbani asiachiwe familia yenye hofu na tembe mbili. Wahamasishaji wa afya ya jamii tayari wana mkoba wenye mizani na mashine ya presha, na kila mmoja ana takriban kaya mia moja. Wanachokosa ni maelekezo ya mgonjwa fulani. Kwenye Kauli iandikwe uzito wake mkavu, yaani kilo alizokuwa nazo siku aliyotoka wodini bila uvimbe, na mstari mmoja: akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, aongeze tembe ngapi za furosemaidi, kwa siku ngapi, na ampigie nani. Nyongeza inywewe kabla ya saa nane mchana, la sivyo atakesha chooni na familia itaisimamisha dawa yenyewe. Mhamasishaji aulize pia kuhusu vinavyomrudisha mgonjwa wodini: diklofenaki na ibuprofeni za dukani, ambazo huzuia maji mwilini na kuumiza figo; samaki wa ng'onda na achari; na madafu, ambayo hapa kwetu kila mtu humletea mgonjwa kwa nia njema. Madafu yana potasiamu nyingi, na anayetumia spironolaktoni, nayo ni dawa ya moyo, pamoja na enalaprili, hasa figo zikiwa zimechoka, potasiamu inaweza kupanda hadi kuuvuruga moyo. Funga ya Ramadhani ipangwe mwezi mmoja kabla, na daktari pamoja na sheikh, isiachwe hadi usiku wa kuandama mwezi.

Kwa pumzi ya mwisho wa ugonjwa, ambayo maji yameshatolewa na bado inamtesa, dawa ipo nayo ni mofini ya kunywa kwa dozi ndogo: miligramu 2.5 kila baada ya saa nne, na figo zikiwa dhaifu zitenganishwe hadi saa sita au nane. Iandikwe pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Dozi hiyo, ikitolewa kwa mpango huu, haikusudii kumlaza wala kumuua. Hupunguza ile hisia ya kukabwa. Vituo vingi haviiweki kwa kuogopa kabati la kufuli, daftari na ukaguzi. Tunaomba walau kituo kimoja katika kila kaunti ndogo, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Jomvu, Changamwe na Likoni, kiwe nayo saa zote, na daktari wa kuiandikia apatikane kwa simu usiku.

Oksijeni ya nyumbani tunaiongelea kwa tahadhari. Familia huuza mali kununua mashine, ilhali mgonjwa ambaye kipimo cha kidole kinaonyesha oksijeni yake ni ya kutosha hapati nafuu kubwa kwayo. Mashine ya lita tano hula takriban wati 350, na ikiwashwa mchana na usiku ni zaidi ya uniti nane za stima kwa siku, halafu stima ikipotea imezima. Feni ndogo ya mezani ikimpulizia mashavuni, dirisha wazi, mito mitatu mgongoni na miguu ikining'inia chini, huwatuliza wengi. Jambo hilo likiandikwa kwenye Kauli, litaokoa fedha nyingi.

Liko lingine ambalo halisemwi mikutanoni. Familia nyingi humkimbiza mgonjwa hospitali saa zake za mwisho kwa kuogopa kwamba akifia nyumbani watasumbuliwa na polisi, mwili upelekwe mochari, upasuliwe, na maziko yacheleweshwe. Kwa Muislamu anayetaka kumzika mzazi wake kabla ya alasiri, hofu hiyo si ndogo. Kifo cha nyumbani cha mtu mwenye ugonjwa unaojulikana husajiliwa kupitia naibu wa chifu. Kinachorahisisha ni barua fupi ya kliniki, yenye muhuri, inayotaja ugonjwa, tarehe aliyoonwa mara ya mwisho na kwamba alikuwa akitunzwa nyumbani. Barua hiyo ikae ndani ya bahasha ile ile. Tunawaomba mkae na makamishna wasaidizi na manaibu wa chifu muafikiane kuihusu, wasije wakaiona kwa mara ya kwanza siku ya msiba.

Kuhusu dini tutasema machache. Wanaodhani Kauli inapingana na imani wawaulize maulamaa, wachungaji na wazee wa jamii zote mapema, nanyi muwaalike mezani kabla fomu haijachapwa. Kukataa matibabu yasiyo na tamaa ya kufaulu ni jambo moja, kumuua mgonjwa ni jingine, na la pili halimo kwenye karatasi hii wala kwenye sheria ya Kenya. Kwa wenye betri ya kurekebisha mapigo kifuani pawe na mistari miwili zaidi: kifaa chenye kupiga shoti kizimwe mgonjwa akifikia siku zake za mwisho, asije akapigwa shoti huku anakata roho, na kwa jamii zinazochoma maiti, betri itolewe kwanza, kwani hulipuka kwenye moto.

Gharama? Muuguzi mmoja aliyefunzwa katika kila hospitali yenye kliniki ya moyo, apewe asubuhi moja kwa wiki isiyoguswa, yenye wagonjwa wanne. Siyo wanne juu ya hamsini wengine, wanne tu. Mafunzo ya siku tatu, nusu yake yakiwa mazoezi ya kuzungumza, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kuchoma sindano na hatukufundishwa kunyamaza mgonjwa akilia. Vitabu vya fomu. Bahasha. Kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, tunaomba kikao hiki na ziara ya nyumbani vilipwe kama huduma; hospitali ikilipwa kitanda bila kulipwa kikao, inapata kwa kulaza na inapoteza kwa kuzungumza. Sera ya taifa ya tiba shufaa ya 2021 hadi 2030 ipo, na miaka yake inakwisha.

Hatuahidi miujiza. Utafiti wa PAL-HF uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 150 na kuchapishwa 2017 ulionyesha kwamba tiba shufaa ikiongezwa kwenye matibabu ya kawaida ya moyo, maisha ya mgonjwa yanakuwa na unafuu zaidi. Haukuonyesha kwamba vifo vinapungua. Kwa hiyo mkitupima kwa vifo mtatuonea. Tupimeni kwa haya: kati ya wagonjwa wenye alama zile, wangapi wana Kauli, kati ya waliolazwa wakiwa nayo, wangapi Kauli yao ilionekana na daktari wa zamu usiku ule ule, na wangapi walitibiwa kama walivyoandika. Namba ya kati ndiyo tutakayoiogopa.

Rasimu ya fomu iko tayari, kurasa mbili, imesomwa na wagonjwa na kurekebishwa mara nne. Neno lililowasumbua zaidi lilikuwa "idhini", tumeliweka "ruhusa". Tunaomba hospitali mbili za kuanzia, moja kisiwani na moja ng'ambo ya kivuko, kwa miezi sita, pamoja na waraka wenu wa kuzitaka hospitali nyingine ziitambue. Tunaweza kuja ofisini siku yoyote isipokuwa Jumatano asubuhi, maana hiyo ni kliniki.

Wenu katika kazi,

Wauguzi, maafisa wa kliniki, madaktari na wafamasia wa huduma za moyo na tiba shufaa,
Mombasa